Bafu Jipya Katika Nyumba ya Kale

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ndugu msomaji, leo nakuomba tuingie ndani zaidi kuliko walivyotuagiza wahenga. Tupite barazani, tupite ukumbini, tuvipite na vyumba vya kulala, mpaka tufike kule nyuma ambako mgeni hapelekwi na ambako waandishi wa habari za safari hawana desturi ya kufika. Tunakwenda bafuni na msalani. Ziara yenyewe tutaifanya Mikindani, mji mkongwe ulio kiasi cha kilomita 10 kutoka Mtwara mjini, kisha tutateremka katika vijiji vya pwani hadi karibu na mdomo wa mto Ruvuma.

Yamkini utauliza: je, msafiri aliyefika kusini mwa nchi yetu, penye bahari tulivu, minazi na mikorosho, hakuona jambo jingine la kuandika isipokuwa bafu? Mengine yapo, tena mengi. Lakini katika pwani hii bafu ndilo linaloamua siku hizi ni nyumba ipi ya kale itakayoendelea kukaliwa na watu, na ni ipi itakayoachiwa popo na magugu. Nyumba isiyo na bafu ndani vijana huihama. Nyumba iliyoongezwa bafu pasipo kufikiri hupasuka, ikaanguka. Baina ya maafa hayo mawili ipo njia ya katikati, nayo ndiyo tunayoitafuta leo.

MJI KIJANA NA MJI MZEE

Mtwara yenyewe ni mji kijana. Bandari yake ilijengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilipoanzisha ule mpango wa karanga ambao ulikula fedha nyingi ukaishia patupu. Reli iliyotoka bandarini kuelekea Nachingwea ilifungwa mwaka 1962. Kilichosalia ni bandari yenyewe, barabara pana, na zile nyumba za maofisa katika mtaa wa Shangani. Nyumba hizo hazina tatizo letu la leo. Aliyezichora alichora bafu kabla msingi haujachimbwa. Mabomba yana njia yake, na maji machafu yana shimo lake.

Mikindani ni habari nyingine. Unapoteremka kutoka barabarani, ghuba inakufungukia mbele yako kama bakuli, imezungukwa na minazi na mikoko, na nyuma ya mji vimesimama vilima vya kijani. Hapa ndipo alipoteremka Dk. Livingstone mwaka 1866 kuianza safari yake ya mwisho ya bara. Hapa Wajerumani walijenga Boma lao mwaka 1895. Hapa wafanyabiashara wa Kiarabu na Kihindi waliinua nyumba za ghorofa zenye milango ya nakshi na roshani za mbao. Bandari ilipohamia Mtwara, biashara iliifuata, na watu waliifuata biashara. Leo nyingi katika nyumba zile zimebaki kuta tupu. Miti imeota sebuleni.

Hata hivyo zipo ambazo bado zinakaliwa, na hizo ndizo zinazotuhusu. Kuta zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita hivi, au zaidi. Dari na ghorofa hubebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi kubwa. Ikipita mita 3 huanza kulegea. Ndiyo maana, ndugu msomaji, vyumba vya nyumba za kale za pwani ni virefu lakini vyembamba. Upana wa chumba uliamuliwa na mti, wala si na matakwa ya mwenye nyumba.

Mpango wake nao una adabu yake. Mbele ni baraza, mahali pa majirani na wapita njia. Kisha ukumbi, mahali pa wageni wanaofahamika. Kisha vyumba vya ndani, vya wenyewe. Nyuma kabisa ni ua, mahali pa jiko, kisima, kamba ya nguo na kibanda cha choo pembezoni. Kila hatua unayopiga kutoka njiani kwenda uani unatoka hadharani na kuingia sirini.

MANENO YA BIBI

Katika nyumba moja ya namna hiyo nilimkuta bibi aliyekwisha kupita miaka 70, amekaa barazani anapeta mchele. Tulipoamkiana, aliniuliza nimekuja kununua nyumba au kuipiga picha, kwa kuwa wageni wa mtaa ule ni wa aina hizo mbili tu. Nilimweleza nia yangu. Alicheka, kisha akanyamaza kidogo.

"Mjukuu wangu," alisema, "wanangu wamejenga Mtwara, nyumba ya bati, bafu lipo humo humo chumbani. Wanataka nihame. Mimi nyumba yao siikatai. Ninachokikataa ni kuhama. Lakini nao wana neno: usiku wa mvua, kutoka hapa mpaka kule uani, na miguu hii, na utelezi ule, siku moja wataniokota."

Katika maneno hayo machache mambo yote yamekwisha kusemwa. Bibi hataki anasa. Anataka hatua saba za usalama badala ya arobaini za hatari. Mama mjamzito hutaka hayo hayo, na mgonjwa pia, na mtoto anayeogopa giza. Watu wazima watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni 2 nchini walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kujadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Kampeni ile ilikipeleka choo katika kila ua. Kazi ya kizazi cha sasa ni kukivusha kutoka uani hadi karibu na kitanda, bila ya kuibomoa nyumba.

JAMBO HILI SI GENI KWETU

Wapo wanaodhani kwamba bafu la ndani, ambalo vijana wa mjini hukiita chumba chake "masta", ni mtindo uliotujia juzi kutoka ng'ambo. Sivyo. Nenda Songo Mnara, kaskazini ya Mtwara, karibu na Kilwa. Katika magofu ya nyumba zilizojengwa karne za 14 na 15 utaona vyoo na mahali pa kuogea vikiwa ndani ya nyumba zenyewe. Pale Kilwa Kisiwani, katika jumba la Husuni Kubwa lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, liko birika la kuogea la pembe nane linaloitazama bahari. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 katika enzi ya mfalme huyo huyo.

Lamu nako, katika nyumba kubwa za karne ya 18, bafu lilikuwa jirani na chumba cha ndani kabisa. Ndani yake lilijengwa birika la maji, na katika birika walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika lilipachikwa bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki wapate pa kujisitiri. Fikiri, ndugu msomaji: maji ya kuogea, kinga ya malaria na pambo la nyumba, vyote katika kona moja.

Kwa hiyo mwananchi wa Mikindani anayetaka bafu karibu na chumba chake haigi mgeni. Anarudisha jambo lililokuwa la kwao. Tofauti ni kwamba wale wa kale walilipanga bafu pamoja na nyumba, ilhali yeye anaiongezea nyumba iliyokwisha simama miaka mia na zaidi. Hapo ndipo penye mtihani.

MAKOSA MATATU

Fundi mmoja wa uashi, mzee aliyeanza kazi akiwa mchanganya chokaa wa baba yake, alinitembeza mitaani akanionyesha makosa matatu yanayoziua nyumba hizi. Alisema maji ndiyo adui, na saruji isiyo mahali pake ndiyo inayomfungulia adui mlango.

Kosa la kwanza ni kukata kona ya chumba cha kulala na kuifanya bafu, ukuta wa kale ukawa ndio ukuta wa kuogea. Chokaa na matumbawe hunywa maji kama sifongo. Maji ya kila asubuhi na kila jioni huingia ukutani, chumvi iliyomo katika mawe huyeyuka, kisha hukauka na kuganda karibu na uso wa ukuta, na kila inapoganda huusukuma lipu ukabambuka. Likifanywa jambo hilo ghorofani ni balaa zaidi, kwani sakafu imelala juu ya boriti, na boriti iliyoloa mwaka baada ya mwaka huoza pale pale ilipoingia ukutani, mahali ambapo macho hayafiki. Siku ikikatika haipigi hodi.

Kosa la pili ni kujenga chumba kipya cha matofali ya saruji na kukifunga kwa nondo katika ukuta wa kale. Ukuta wa kale una msingi wa kina kifupi, nao umekwisha kaa na kutulia tangu zama za mababu. Chumba kipya kina msingi mpya ambao bado utadidimia kidogo kidogo. Ukiwafunga pamoja mzee aliyetulia na kijana anayehangaika, mmoja atamvuta mwenzake. Ufa huanza kwenye kona ya juu, na mvua ya kwanza huuona kabla ya mwenye nyumba.

Kosa la tatu hufanywa kwa nia njema. Mtu akishamaliza bafu jipya, hutaka nyumba nzima ifanane nalo. Hununua mifuko ya saruji na kuupiga lipu ukuta wote wa kale. Saruji siku hizi haiko mbali: kiwanda cha Dangote kilichofunguliwa Mtwara mwaka 2015 kilijengwa kwa uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka. Saruji ni kitu chema kwa nyumba ya saruji. Lakini ukuta wa matumbawe huvuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje kupitia chokaa. Ndiyo pumzi yake. Ukiufunika kwa saruji umeufunga pumzi. Unyevu haupotei, bali hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na mwisho wa safari yake hukutana na vichwa vya boriti.

Wala tusidhani kwamba ukubwa ni kinga. Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba lililojengwa mwaka 1883, lilikuwa kubwa kuliko yote ya mji ule. Na bado sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba, 2020, ikaua watu, wakati kazi ya kulikarabati ikiendelea. Jengo la mawe na chokaa linaweza kusimama karne nzima likionekana zima, kisha likaanguka kwa dakika moja.

PA KULIWEKA

Baada ya makosa, natuje kwenye utaratibu. Swali la kwanza si ukubwa wala aina ya marumaru. Ni mahali. Bafu jipya litoke nje ya ukuta wa nyuma, uani, kama upenu, na si mbele wala ubavuni penye njia ya watu. Hivyo mpango wa nyumba, ule wa kutoka hadharani kwenda sirini, hautavunjika.

Kisha tazama upepo. Pwani ya Mtwara hupata kaskazi kutoka kaskazini-mashariki katika miezi ya joto, na kusi kutoka kusini-mashariki katika miezi ya baridi. Zote mbili zina asili ya mashariki. Basi ua ukiruhusu, weka bafu upande wa magharibi, ili harufu na mvuke vichukuliwe kutoka nyumbani badala ya kuletwa ndani. Katika mji wa Waislamu kama Mikindani kuna sharti jingine ambalo fundi mgeni hulisahau: kibla. Kwa kuwa Makka iko karibu kaskazini kabisa ya Mtwara, tundu la choo lielekezwe mashariki na magharibi, ili anayekaa asiielekee kibla wala kuipa mgongo. Jambo hili halina gharama likifikiriwa kabla. Likikumbukwa baada ya zege kukauka, gharama yake ni kuvunja.

Mlango je? Usitoboe ukuta mzima. Tafuta dirisha la nyuma la chumba cha kulala, ulishushe liwe mlango. Juu ya dirisha tayari kuna mbao zinazobeba uzito wa ukuta. Wewe utakachokata ni sehemu ya chini tu, isiyobeba kitu isipokuwa dirisha lenyewe. Nyumba haitajua kwamba imepasuliwa.

KUTA, PAA NA SAKAFU

Kuta za bafu zisimame kwa miguu yake. Maana yake, hata pale zinapogusana na nyumba ya kale, bafu liwe na ukuta wake wenyewe, na baina ya kuta hizo mbili ibaki nafasi ya kidole kimoja iliyojazwa chokaa laini. Chumba kipya kikididimia, chokaa hiyo itapasuka kidogo, nayo hurekebishwa kwa mwiko na dakika chache. Marumaru au saruji ya kuzuia maji ipakwe kwenye kuta mpya tu. Ukuta wa mzee usiguswe na tone.

Ili bafu lifanane na nyumba, lifuate vipimo vyake. Nyumba za Mikindani zina vyumba vyembamba. Bafu la upana wa mita moja na nusu au mbili litaonekana kuwa mtoto wa nyumba, na lile la mraba mkubwa litaonekana kuwa mpangaji. Madirisha yawe membamba na yapande juu, karibu na paa, yatoe mvuke na kuzuia macho. Badala ya rafu za chuma zinazoshika kutu kwa hewa ya chumvi, acha vidaka katika ukuta mpya kama walivyofanya wa kale: kimoja cha sabuni, kimoja cha taa, kimoja cha kopo. Nje paka chokaa ile ile nyeupe ya nyumba. Atakayepita uani asiweze kusema mara moja kipi kilitangulia.

Paa la upenu literemke likiikimbia nyumba, wala lisiielekee. Ukingo wake wa juu uingie chini ya upenu wa paa la kale, na ule mwanya wa kidole uliouacha baina ya kuta ufunikwe kwa bati lililokunjwa. Mtwara hupata mvua zake kwa msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, nazo zikija huja kwa nguvu. Mwanya usiofunikwa msimu mmoja tu hutosha kuozesha.

Sakafu ya bafu iwe chini ya sakafu ya chumba kwa kiasi cha upana wa kiganja, na kizingiti kiwepo. Kwa bibi kama yule niliyemtaja, pigilia mti wa kushikia ukutani, na kizingiti kifanywe mteremko mpole. Sakafu yenyewe iinamishwe sentimita 2 kwa kila mita moja, kuelekea mbali na nyumba. Fundi akikuambia macho yake yanatosha, mwombe kwa heshima atumie pima maji.

MAJI YANAKOTOKA NA YANAKOKWENDA

Wengi hununua tangi na kuliweka juu ya ukuta wa kale kwa kuwa ni mnene. Tafadhali kumbuka kwamba tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja ya maji, mbali na uzito wake lenyewe. Lijengee kiguzo chake uani. Mabomba nayo yapite nje ya ukuta mpya, yaonekane, ili yakivuja ujue siku hiyo hiyo. Bomba lililozikwa katika ukuta wa chokaa huvuja mwaka mzima kimya kimya.

Maji ya kuogea yanaweza kuelekezwa kwenye migomba na mipapai. Maji ya choo yanataka tangi lake na shimo la kunyonya. Hapa ndipo Mikindani inapotaka hadhari kubwa, kwani mji umekaa juu ya mawe ya pwani yenye nyufa na matundu. Uchafu unaomiminwa katika mawe hayo hauchujwi kama katika udongo mzito. Husafiri haraka, na safari yake huishia kisimani au ghubani. Kina mama huokota chaza na kombe katika ghuba ile ile. Wataalamu wa afya hushauri shimo liwe mbali na kisima kwa mita 30, na upande wa chini wa mteremko. Nyua za Mikindani ni ndogo, na mara nyingi mita 30 ni uani kwa jirani. Basi ama majirani wakae wapatane shimo moja mahali panapofaa, ama lijengwe tangi lisilovuja linalonyonywa na gari. Jambo la kujificha na kumwachia jirani uchafu wako si ujirani.

Kwamba majengo haya yanaweza kupewa maisha mapya, ushahidi uko kilimani juu ya mji. Boma la mwaka 1895 lilikuwa limechakaa na kuachwa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la hisani la Uingereza liitwalo Trade Aid lililikarabati, likawa hoteli na mahali pa kufunzia vijana kazi. Vyumba vya wageni vilipewa bafu zake, na sura ya Boma haikubadilika. Tofauti iliyopo kati ya Boma na nyumba ya bibi ni fedha. Kanuni za maji, ukuta na mteremko ni zile zile.

HADI MDOMO WA RUVUMA

Nilisema nitakupeleka mbali kidogo. Kutoka Mtwara mjini njia inaelekea kusini-mashariki, kupitia Madimba hadi Msimbati. Huku ndiko gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, na kutoka Madimba bomba kubwa lilikamilishwa mwaka 2015 kuipeleka Dar es Salaam. Mbele zaidi ni mikoko, mchanga na maji ya Ruvuma yanayoingia baharini, na ng'ambo ni Msumbiji.

Safari hii si ya matembezi tu. Imetuleta mahali ambako vifaa vya nyumba za Mikindani vilikuwa vikitoka: boriti za mikoko na mawe ya chokaa. Zamani chokaa ilichomwa kwa kurundika magogo na kuweka matumbawe juu yake. Matumbawe mengine yalivunjwa baharini yakiwa hai, na mikoko ilikatwa kuwa kuni. Tangu mwaka 2000 eneo la kilomita za mraba 650, bahari na nchi kavu, limekuwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Sababu yake ni njaa ya kesho: tumbawe likivunjwa samaki hukosa nyumba, na mkoko ukikatwa kamba hukosa malezi na ufuko hukosa ngome.

Basi mpenda nyumba za kale yuko njia panda. Nyumba yake inataka chokaa, na bahari inamwambia asiichukue kwake. Jibu si kurudia saruji katika ukuta wa kale, wala si kuvunja matumbawe usiku. Chokaa huchomwa pia kutokana na mawe ya nchi kavu, na ndiyo ya kununua. Mawe ya nyumba zilizokwisha anguka, kwa ruhusa ya wenyewe, hufaa kwa viraka. Na upenu mdogo hauhitaji boriti za mikoko. Mbao zilizopasuliwa na kutiwa dawa ya mchwa zinatosha. Bafu dogo lina baraka hiyo pia: halidai mengi kutoka baharini.

Katika vijiji vya mdomoni mwa mto nyumba nyingi ni za miti na udongo, na bafu ni uzio wa makuti wenye mawe bapa ya kusimamia. Mtu wa mjini asilicheke. Limekaa mbali na ukuta wa udongo, lina hewa, na maji yake huingia mchangani. Kasoro iko kwenye choo, kwani maji ya ardhini yako karibu. Shimo refu huyafikia na kuyachafua. Huko choo huinuliwa: shimo fupi, kuta zake zikipanda juu ya ardhi, na ngazi mbili tatu za kupandia. Kanuni ni ile ile ya Mikindani kwa lugha ya udongo. Penye maji pajitenge na penye kubeba nyumba.

USHAURI WA MWISHO

Katika mkoa huu fedha za kujengea huja na korosho, Oktoba hadi Desemba, nazo hukutana na mvua mlangoni. Mwenye fedha mkononi hutaka kuanza kesho. Ninakusihi usianze. Nunua vifaa, vihifadhi pakavu, na ungoje Juni, ardhi ikiwa imekauka na chokaa ikiwa na muda wa kukauka polepole kivulini, maana chokaa iliyoharakishwa haishiki.

Na miezi hiyo ya kungoja isiwe bure. Siku ya mvua kubwa, chukua mwavuli, toka uani, usimame. Angalia maji yanakotoka, yanakopita na yanakotuama. Chomeka vijiti mahali pote palipotuama. Fundi atakapokuja, usimwonyeshe kwanza picha ya bafu ulilolipenda. Mwonyeshe vijiti.